Dogo wa Kilosa na bingwa wa ubao

Nilipokuwa Kilosa kwa mazoezi ya kufundisha, jioni nilikuwa naona madogo wakijirusha Mto Mkondoa kutoka ukingoni, wengine wanabiringita hewani kabla ya kutua. Siku moja dogo wa kidato cha pili akaniuliza: "Mwalimu, kuna Mwafrika aliyewahi kuwa bingwa wa haya mambo?" Mwalimu mzima wa historia, kimya! Ikabidi nikatafute.

Kumbe yupo. Evan Stewart wa Zimbabwe, mwaka 1994 kule Roma, alitwaa ubingwa wa dunia wa kupiga mbizi kutoka ubao wa mita 1. Ule ubao unanesa: unaukandamiza, unakurusha juu, unajigeuza hewani, kisha unaingia majini wima bila kurusha maji mengi. Nyuma yake alikuwa Lan Wei wa China, na Wachina kwenye mchezo huu mnawajua.

Bahati mbaya, ubao wa mita 1 haumo Olimpiki. Kule kuna wa mita 3 na jukwaa la mita 10. Stewart alikwenda Barcelona 1992, Atlanta 1996 na Sydney 2000, akarudi bila medali. Ndio maana mwenzake Kirsty Coventry, muogeleaji mwenye medali 7 za Olimpiki na rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 2025, anajulikana, na yeye hatajwi.

Ila nilijua swali la pili la dogo litakuwa la rangi. Stewart ni Mzungu, alizaliwa enzi za Rhodesia. Kule Salisbury (Harare ya leo) mabwawa ya manispaa yalikuwa ya Wazungu tu, mpaka mtu mmoja wa asili ya Kiasia alipoishtaki halmashauri mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mahakama ikampa haki. Wapigakura Wazungu walikasirika sana, na Desemba 1962 wakakiweka madarakani chama cha Rhodesian Front. Jamani, ugomvi wote huo kwa ajili ya maji ya kuogelea! Kwa hiyo bingwa wetu ni Mwafrika kweli, na ushindi ni wake kweli, lakini ubao ulishapangiwa watu wa kuukanyaga kabla hajazaliwa.

Kwetu hakuna aliyefukuzwa kwenye ubao, maana ubao wenyewe haupo. Unataka maji ya kina cha zaidi ya mita 3. Mwenzangu aliyepangiwa Mikumi anasema bwawa maarufu huko ni la viboko, ndani ya hifadhi, sasa nani ataruka hapo?

Jumatatu nikamsimulia dogo yote, na la rangi pia. Akafikiri kidogo. "Mwalimu, huo ubao unanesaje?"

Nikaweka rula ukingoni mwa meza, nikaibonyeza, nikaiachia. Darasa zima likataka kujaribu.