Mara 55

Kabla hatujamwita mwanamke yeyote tasa, hebu kwanza tumwangalie daktari mmoja wa Marekani.

J. Marion Sims huitwa na wengi baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake. Sifa hiyo aliijenga Alabama miaka ya 1840, akiwapasua wanawake watumwa bila dawa ya ganzi. Majina ya watatu tunayajua: Anarcha, Betsey na Lucy. Baadaye, akiwa New York, alijaribu kuwasaidia wanawake sita kupata mimba kwa kuingiza mbegu za waume zao ndani ya mfuko wa uzazi kwa sindano. Alijaribu mara 55. Mimba iliingia moja tu, nayo ikatoka. Aliyaandika haya mwenyewe katika kitabu chake cha 1866.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Karne ya 18 huko London, John Hunter alimwelekeza mwanamume mwenye kasoro ya maumbile atumie sindano iliyopashwa joto, na mkewe akashika mimba. Kilichomponza Sims ni kalenda. Aliamini yai hutoka wakati wa hedhi.

Ilibidi dunia isubiri hadi miaka ya 1920, ndipo Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kivyake, walipoonyesha kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Na likishatoka, huishi siku moja hivi tu. Hata leo, umri wa mama, mirija yake na nguvu za mbegu za baba vikiwa sawa, ukikosa siku umekosa yote.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini somo hili nililipata zizini. Ng'ombe wetu akionyesha joto asubuhi, baba alimwita mtu wa mbegu aje jioni. Asiposhika, baba aliuliza: tulichelewa? Mbegu zilikuwa nzuri kweli? Hakuna aliyemtukana ng'ombe. Lakini shangazi aliporudishwa nyumbani baada ya miaka sita ya ndoa bila mtoto, hakuna aliyeuliza swali hata moja kuhusu mumewe.

Wale wanawake sita wa New York, huenda wapo waliozeeka wakiamini kasoro ilikuwa yao. Aliyekosea siku alikuwa daktari.