Seva za Ofisi Baada ya CentOS

Nimetunza seva za ofisi tangu enzi za CentOS 5, na mfumo endeshi ule niliupenda kwa dhati. Ulianza 2004: watu wa kujitolea walichukua msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, ulio wazi kwa mujibu wa leseni, wakaondoa nembo, wakaujenga upya na kuugawa bure. Ofisi zisizo na fungu la leseni zikapata mfumo imara wa kuhifadhi baruapepe, mafaili na hifadhidata zake.

Mwaka 2014 kampuni ya Red Hat iliupokea mradi huo. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Waliokwisha kuhamia toleo hilo walibaki na mwaka mmoja tu. Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, akaanzisha mbadala wake, Rocky Linux, jina la kumuenzi mwenzake marehemu, Rocky McGaugh. AlmaLinux, mbadala mwingine, nayo ikatoka Machi 2021.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza mfumo una kasi gani, nauliza nani ana mamlaka ya kuusitisha. Ndiyo maana nilichagua Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Haimilikiwi na kampuni. Wanaoijenga humchagua kiongozi wao kwa kura kila mwaka.