Kongo ya Sika: Historia ya Gugumaji Itazamwapo kutoka Bunia

Katika maandiko mengi ya Afrika Mashariki, historia ya gugumaji huanzia Ziwa Victoria, lilikoonekana upande wa Uganda mwaka 1989. Kwa msomaji aliyeko Bunia, mwanzo huo una kasoro kubwa: unaifuta Kongo. Mmea huu wa Amerika ya Kusini, wenye maua ya zambarau na mabua yaliyojaa hewa, ulikwisha kuwa janga katika mto Kongo kizazi kizima kabla ya hapo.

Ulionekana mtoni mwaka 1952. Katika muda wa miaka mitatu hivi ulikuwa umeenea kati ya Léopoldville na Stanleyville, yaani Kinshasa na Kisangani za leo, safari ya mto inayozidi kilometa 1,600. Ikumbukwe kwamba mmea unaoelea hushuka na mkondo. Kuupanda mto namna hiyo kulihitaji vyombo, na vyombo vilikuwapo: zilezile meli zilizokuwa fahari ya ukoloni. Kipande kimoja kilichonasa ubavuni mwa tishari kilitosha, kwani mche mmoja huchipuza mingine bila kungoja mbegu. Serikali ya kikoloni ilinyunyiza dawa iitwayo 2,4-D kwa gharama kubwa, gugu likabaki.

Ushahidi ulio wazi zaidi umehifadhiwa na lugha. Wasemaji wa Kilingala waliuita mmea huo Kongo ya sika, Kongo mpya. Iwapo Kongo hapa ni mto au ni nchi, wanaisimu na wabishane. Kivumishi hakina utata. Jina la Kiswahili, gugumaji, hueleza mahali mmea uotapo, wala halisemi ulifika lini. Lile la Kilingala ni tarehe.

Nayo Bunia imekaa karibu na mpaka wa mabonde mawili. Mto Shari humwaga maji yake katika Ituri, ambao huishia Kongo, huko Basoko, kwa jina la Aruwimi. Mashariki, ng'ambo ya milima, maji hushukia Ziwa Albert na kwenda Naili Nyeupe, ambako gugu liligunduliwa nchini Sudani mwaka 1958.

Fukusi walioachiwa Uganda kuanzia 1995, wakisaidiwa na mawimbi na mvua kubwa za 1997 na 1998, walilipunguza sana gugu la Ziwa Victoria. Ushindi huo uliandikwa mno, na ndio uliofanya 1989 ionekane kuwa mwanzo.