Anemoni ya milimani: je, Karagwe na Kyerwa inaota?

Wadau wa Kayanga, Omurushaka na Kyerwa, haya maua mnayaona sana kwenye picha za Ulaya. Ukweli ni kwamba Tanzania tunayo ya kwetu, Anemone thomsonii, ua jeupe lenye wekundu mgongoni. Linaota Kilimanjaro na Meru, juu kabisa kwenye nyasi za baridi kupita mita 2,500. Vilima vyetu vingi haviifikii hata 2,000. Na msije mkaling'oa kule, hifadhi ya taifa sio kitalu, utaishia mahakamani.

Ile ya milima ya Alps nayo ni mtihani. Mbegu zake zinataka baridi ya wiki kadhaa ndio ziamke (kwenye friji, sio friza), mche unakua taratibu miaka mpaka utoe ua, na mzizi wake mrefu hautaki kuhamishwa. Hata ukiota, utakosa majira ya baridi kali. Kwa maoni yangu ni kutupa hela.

Kwa hiyo chukua ndugu zake. Ya kwanza ni Anemone coronaria, inauzwa kama viazi vidogo vikavu. Loweka kwenye maji saa chache, fukia sentimita 5 hivi. Kitu kinachoiua ni maji kutuama, kwa hiyo inua tuta, changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri. Mimi ningepanda mwanzoni mwa Mei masika yakielekea kuisha: inapata unyevu wa kuanzia, halafu usiku wa ubaridi wa Juni na Julai unaisaidia. Ukipanda Oktoba mvua zitaiozesha tu.

Ya pili inaitwa anemoni ya Kijapani, ingawa asili yake ni China. Hii inapenda kivuli cha nusu na udongo usiokauka, pembeni ya kibanja chini ya migomba panaifaa. Weka matandazo. Kuzidisha ni kukata vipande vya mizizi vya sentimita 5 na kuvifukia. Ikikolea inatambaa, ipe mpaka.

Jambo moja wauzaji hawasemi: zote zina sumu. Utomvu unawasha ngozi, na mbuzi au mtoto akitafuna mbichi anaungua mdomo na tumbo. Pandeni mbali na zizi, na mkikata majani msiyatupe kwenye malisho.