Printa isiyo na wino: ilitoka wapi, na inatugharimu nini?

Chukueni risiti ya supamaketi mkaikwaruze haraka kwa ukucha. Mstari mweusi utatokea. Wino haumo, rangi imo ndani ya karatasi yenyewe.

Zamani kompyuta ziliongea nasi kupitia mashine za teletaipu. Teletype Model 33, kwa mfano, iligonga herufi 10 kwa sekunde, tena kwa makelele. Mwaka 1971 kampuni ya Texas Instruments, Marekani, ikatoa Silent 700: kimya, na herufi 30 kwa sekunde. Mmoja wa wavumbuzi wa uchapishaji huo wa joto ni Jack Kilby, yule yule aliyeunda saketi unganishi mwaka 1958 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Inafanyaje kazi? Karatasi imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na asidi hafifu. Zikiwa baridi, kila moja inakaa kivyake. Kichwa cha printa kina safu ya vidoa vya kupasha moto, na printa nyingi za lebo zina 8 kwa kila milimita. Kidoa kikiwaka, vitu hivyo viwili vinayeyuka na kuchanganyika, na weusi unatokea. Kazi ya programu ni kuamua kidoa kipi kiwake, na lini.

Tarehe 26 Juni 1974, bakodi ya kwanza ilisomwa kwenye kaunta ya supamaketi mjini Troy, Ohio: pakiti ya chingamu ya Wrigley's. Bakodi zilipoenea hadi kwenye mabohari, kila kifurushi kikahitaji lebo yake, papo hapo. Printa ya joto ikafaa sana: haina wino wa kununua, ni ndogo, na vipuri vya kuharibika ni vichache.

Lakini kemia ile haikufungwa kufuli. Ukiiacha lebo ndani ya gari juani, inaweza kuwa nyeusi yote. Mwanga, mafuta na baadhi ya plastiki hufifisha maandishi. Tena karatasi nyingi zilitumia bisfenoli A, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliibana katika karatasi hizi kuanzia Januari 2020.

Hapa Kenya, sheria ya taratibu za ushuru ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Risiti inaweza kufifia kabla ya hapo! Ipige skani ikiwa bado inasomeka.

Kwa hivyo, kabla ya kununua printa jiulize: lebo hii itaishi muda gani? Ya kifurushi kinachofika kesho, joto la moja kwa moja latosha. Ya sampuli itakayokaa maabara miaka mingi, tafuta printa ya utepe, ambayo joto lake huyeyusha wino wa nta au resini ukashika kwenye lebo. Utepe una gharama, lakini sampuli isiyo na jina ni hasara kubwa zaidi.