Viti vya London, Ufuko wa Mweru: Makubaliano ya Kuingiza Wakurugenzi katika Kampuni ya British South Africa

Makala haya yanahusu swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria: mtu anapoongezwa katika bodi ya kampuni changa, makubaliano yanayomwingiza yaweke wazi mambo gani? Mfano wetu ni Kampuni ya British South Africa, iliyopewa hati ya kifalme tarehe 29 Oktoba 1889, ambayo baadaye ilitawala nchi iitwayo leo Zambia, Nchelenge na ufuko wake ukiwamo, hadi mwaka 1924.

Istilahi kwanza. Katika Kiswahili cha ofisini, hasa Tanzania, neno "mkurugenzi" humtaja mwajiriwa anayeongoza halmashauri au idara, na pia mtu anayeketi katika bodi bila kuajiriwa. Hati isiyotofautisha wawili hao huzaa mgogoro. Hapa tunamaanisha mjumbe wa bodi.

Bodi ya 1889 iliundwa kwa mapatano. Cecil Rhodes na Alfred Beit walikuwa na fedha za almasi na dhahabu. Lord Gifford na George Cawston walikuwa washindani wao, nao wakaunganishwa kwa kuhimizwa na serikali ya Uingereza. Serikali ilitaka pia watu wa hadhi ambao umma ungewaamini, wakaongezwa Duke wa Abercorn, Duke wa Fife na Albert Grey. Abercorn akawa mwenyekiti. Majina yote yaliandikwa katika hati yenyewe, kwa lugha ya kisheria iliyopimwa neno kwa neno. Kwa upande wa nani aketi wapi, si rahisi kuipata kasoro.

Kasoro ilikuwa kando ya hati. Mkataba wa Rudd, uliotiwa saini na Lobengula mwaka 1888 na kutumiwa kuombea hati ya kifalme, haukuwa mali ya kampuni hiyo. Ulimilikiwa na chombo kingine, Central Search Association, kilichogeuzwa mwaka 1890 kuwa United Concessions Company. Rhodes, Beit, Gifford na Cawston walikuwa na maslahi humo. Kwa mapatano ya pembeni, kampuni yenye hati ingebeba gharama zote, kisha igawane faida nusu kwa nusu na wenye mkataba. Wanahisa wa kawaida hawakuelezwa, wala serikali iliyoidhinisha bodi. Siri ilipofichuka, maofisa wa Wizara ya Makoloni waliona wamedanganywa, lakini hati haikufutwa. Mwaka 1893 kampuni iliununua mkataba huo kwa kutoa hisa milioni moja mpya. Kwa maneno mengine, wakurugenzi waliketi pande zote mbili za meza. Kwa maoni yangu, kifungu kimoja tu cha kumtaka kila anayeingia atangaze maslahi yake kwa maandishi kingewazuia zaidi kuliko majina ya watukufu watatu.

Kutoka meza hiyo hadi Mweru ni mbali, lakini karatasi zilisafiri. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika kwa Mwata Kazembe, katika bonde la Luapula kusini mwa Nchelenge, akapata mkataba. Haikuwa mara ya kwanza kwa maandishi ya wageni kufika huko: wafanyabiashara wa pwani waliozungumza Kiswahili walikuwa wameishi katika mji wa Kazembe kwa miongo kadhaa, na Livingstone alimkuta Muhammad bin Saleh huko mwaka 1867. Mwata alijua thamani ya mapatano na mgeni. Kilichokuwa nje ya upeo wake ni bodi iliyokuwa nyuma ya mgeni huyo. Mwaka 1899 mji wake ulishambuliwa, naye akakimbilia ng'ambo ya Luapula. Kodi ya kibanda ikafuata.

Inafaa kulinganisha na utaratibu wa Luapula wenyewe, uliochunguzwa na Ian Cunnison katika kitabu chake cha 1959. Anayerithi cheo hurithi pia jina, undugu na wajibu wa aliyemtangulia. Uhusiano wa mwenye cheo mmoja na mwingine hubaki uleule vizazi na vizazi, na jamii huujua. Sidai kwamba baraza la Mwata halikuwa na hila, kwani historia yake ya kugombania urithi ni ndefu. Ila maslahi ya anayeingia yalijulikana kabla hajaketi.

London ilijifunza polepole. Baada ya uvamizi wa Jameson, ulioanza Desemba 1895, Rhodes na Beit walijiuzulu katika bodi mwaka 1896. Rhodes alirudi mwaka 1898, mwaka uleule serikali ilipokaza usimamizi wake juu ya kampuni.

Mikataba ya Sharpe haikuishia kabatini. Kampuni iliitumia, pamoja na ile ya Lewanika, kudai mrabaha wa madini ya Kaskazini mwa Rhodesia. Mwaka 1964 serikali iliyokuwa ikielekea uhuru ilihoji uhalali wa madai hayo, ikisema kwamba watawala waliotia saini hawakuwa na mamlaka juu ya eneo la shaba. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Oktoba, kampuni ilikubali kuachia haki zake kwa fidia ya pauni milioni 4, nusu ikitoka Uingereza na nusu Zambia.