Kutoka Chemirocha hadi nambari ya tili

Wadau, leo naweka programu kando kidogo, tuongee historia.

Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers wa Marekani! Sauti ikazunguka dunia. Kijijini nakala zilirudi baada ya zaidi ya miaka 60. Msikilizaji yuko mbali, na pesa haina njia ya kumfikia mwimbaji.

Njia ilijengwa polepole: M-Pesa 2007, Lipa na M-Pesa 2013, Super Chat ya YouTube 2017. Kisha tarehe 26 Machi 2021 Nakuru ikafungwa pamoja na Nairobi na kaunti tatu jirani. Baa zikafungwa, kafyu ikaanza saa mbili usiku. Mpiga gitaa akabaki na simu tu. Wasanii wengi nchini walishaanza kuimba moja kwa moja Facebook, nambari ya tili ikiwa chini ya picha.

Mimi naipenda tili. YouTube humwachia msanii asilimia 70, tena husubiri zifike dola 100 ndipo ilipe. Tili hulipa wimbo ukiendelea. Ila shabiki aliye Ulaya, huyo mwachie Super Chat.